Chandigarh: Viti vya serikali vilivyouzwa kwa bei ya kuni

KATIKA minada ya samani mjini Paris, London, New York na Chicago, huletwa mara kwa mara kiti kimoja cha mbao ambacho mtu yeyote aliyewahi kusubiri huduma katika ofisi ya serikali hawezi kukitazama bila kushangaa. Miguu yake ni minene, ya msaji. Pa kukalia na pa kuegemea pamesukwa kwa henzirani. Hakina nakshi wala mapambo. Nyuma yake, kwa rangi iliyopakwa juu ya kibati kilichotobolewa herufi, pameandikwa jina la idara na nambari ya mali.

Kiti hicho kilitengenezwa ili karani akikalie akiandika barua. Leo hununuliwa kwa maelfu ya dola, na vipande adimu vya aina yake hufikia makumi ya maelfu.

Kilikotoka ni Chandigarh, mji wa kaskazini mwa India ambao ni makao ya serikali za majimbo mawili, Punjab na Haryana. Jinsi kilivyotoka huko, na jinsi kilivyotoka bila sheria yoyote kuvunjwa, ni kisa ambacho kimewasumbua wakazi wa mji huo tangu mwanzo wa karne hii.

Mji wenyewe ulizaliwa kutokana na msiba. India ilipogawanywa Agosti 1947, jimbo la Punjab lilikatwa vipande viwili, na Lahore, mji wake mkuu, ukaangukia upande wa Pakistan. Upande wa India ukabaki na mamilioni ya wakimbizi na serikali isiyokuwa na makao. Maafisa walihamia kwa muda Shimla, mji wa milimani. Mnamo 1948 pakachaguliwa mahali pa kujenga upya, katika tambarare iliyo chini ya milima ya Shivalik. Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alitaka mji huo uwe ishara ya taifa lililojikomboa, usiofungwa na desturi za kale.

Ramani ya kwanza ilichorwa na Mmarekani Albert Mayer akishirikiana na Matthew Nowicki, msanifu majengo kutoka Poland. Nowicki aliangamia katika ajali ya ndege nchini Misri mwaka 1950. Hapo ndipo maafisa wawili wa Punjab, P. N. Thapar na P. L. Varma, walipofunga safari hadi Ulaya kutafuta watu wengine. Waliwapata wanne: Le Corbusier, aliyekuwa tayari na jina kubwa duniani, binamu yake Pierre Jeanneret, na Waingereza wawili, mume na mke, Maxwell Fry na Jane Drew, ambao walikuwa wamepata tajiriba ya kujenga katika nchi za joto huko Afrika Magharibi.

Sifa za Chandigarh kwa kawaida humwendea Le Corbusier. Ni yeye aliyesanifu majumba matatu makuu ya serikali, yaani Mahakama Kuu, Sekretarieti na Bunge. Lakini Le Corbusier alikuwa mgeni wa kupita. Alifika Chandigarh mara mbili kwa mwaka, akakaa wiki kadhaa, akarejea Paris. Fry na Drew walikaa miaka mitatu. Aliyebaki ni Jeanneret. Aliwasili mwaka 1951 akaishi humo hadi 1965, alipoondoka akiwa mgonjwa. Alifariki Geneva mwaka 1967, na miaka mitatu baadaye majivu ya mwili wake yakatawanywa katika ziwa la Sukhna, lililo kando ya mji huo, kama alivyotaka.

Ofisi bila viti

Majumba yalipoanza kuinuka, ikadhihirika kwamba hakuna kitu cha kuweka ndani yake. Mji mzima ulihitaji samani kwa wakati mmoja: viti vya majaji, madawati ya wabunge, meza za makarani, rafu za mafaili, vitanda vya hospitali, viti vya maabara, mabenchi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Panjab, ambacho nacho kilikuwa kimeng'olewa Lahore. Hata nyumba za watumishi wa serikali, zilizopangwa kwa madaraja 13 kuanzia kiongozi wa jimbo hadi tarishi, zilihitaji pa kukalia.

Kuagiza ng'ambo kusingewezekana, fedha hazikuwapo. Chuma nacho kilikuwa adimu na ghali. Hili lilimlazimu Jeanneret kuacha aliyoyazoea. Mwishoni mwa miaka ya 1920, yeye, Le Corbusier na Charlotte Perriand walikuwa wametia fora mjini Paris kwa viti vya mabomba ya chuma na ngozi, vitu vya kisasa vilivyoonekana kama vimetoka kiwandani. Punjab haikuwa na viwanda vya namna hiyo. Ilikuwa na mbao, na ilikuwa na maseremala.

Mbao zilizotumika zaidi ni msaji, ambao Watanzania wengi huuita mtiki, na shisham, mti mgumu wa kahawia unaoota kwa wingi kaskazini mwa India. Msaji haukuchaguliwa kwa urembo tu. Mbao zake zina mafuta ya asili yanayoufukuza mchwa na kuuzuia unyevu, na hazipindi kwa urahisi hewa inapobadilika kutoka kiangazi kikavu hadi mvua za masika. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliijua sifa hiyo zamani sana, kwani msaji wa India uliletwa kwa majahazi na kuchongwa milango ya Unguja na Mombasa, na majahazi yenyewe mengi yaliundwa kwao.

Henzirani nayo ilikuwa na kazi yake. Katika mji ambao joto la Mei na Juni hupita nyuzi 40, kiti chenye mto wa kitambaa ni adhabu. Henzirani iliyosukwa kwa matundu hupitisha hewa, ni nyepesi, na ikikatika, msusi wa mtaani huweza kuisuka upya kwa gharama ndogo.

Miguu ndiyo alama ya samani hizi. Badala ya miguu minne iliyosimama wima kila mmoja peke yake, kila ubavu wa kiti una vipande viwili vya mbao vinavyokutana juu na kuachana chini, mfano wa bikari iliyofunguliwa au herufi V iliyopinduliwa. Mbao hizo ni nene zinapobeba uzito mkubwa, kisha hupunguzwa kuelekea sakafuni. Seremala hakuhitaji mashine ya kupinda mbao wala chombo kigeni: msumeno, patasi, randa na gundi vilitosha. Na kwa kuwa umbo hilo lilirudiwa katika viti, meza, madawati na mabenchi, fundi aliyejifunza kutengeneza kimoja alikuwa amejifunza vingine vingi.

Ilikuwa hekima ya hali ya juu, ingawa wakati ule huenda ilionekana kuwa ubahili tu.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa leo hulipitia juujuu. Samani hizi hazikutoka katika karakana moja chini ya macho ya mtu mmoja. Michoro iliandaliwa katika ofisi ya serikali, kisha kazi ikagawiwa karakana mbalimbali za wenyeji. Kila karakana iliisoma michoro kwa namna yake. Ndiyo maana viti viwili vya mchoro mmoja hutofautiana kwa unene wa mguu, kimo cha mgongo au namna viungo vilivyounganishwa.

Wala michoro yote haikuwa ya Jeanneret. Katika ofisi hiyo kulikuwa na wasanifu Wahindi vijana, miongoni mwao Aditya Prakash, M. N. Sharma, Jeet Malhotra na Urmila Eulie Chowdhury. Chowdhury, mwanamke aliyesomea usanifu Sydney, Australia, alijiunga na kazi hiyo mwaka 1951 na anatambuliwa kuwa mmoja wa waliobuni samani hizo. Baadaye alipanda hadi kuwa msanifu mkuu wa Chandigarh. Hata hivyo, katika vitabu vya mnada jina linaloongoza ni la Jeanneret, kwa sababu ndilo linalouza. Ama majina ya maseremala, hayatajwi kamwe. Punjab ndiko walikotoka mafundi wengi waliovuka bahari kuja kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901, na Wakenya wanajua vyema ni kazi ngapi za mikono yao zinazotumika hadi leo bila mtu kuuliza nani alizifanya.

Kutoka paa hadi mnada

Mwaka 1966 jimbo la Punjab liligawanywa tena, safari hii likazaa Haryana. Chandigarh ukafanywa eneo linalosimamiwa na serikali kuu ya Delhi, huku ukiwa mji mkuu wa majimbo yote mawili. Sekretarieti na Bunge zikagawanywa vyumba. Samani zikawa na wenyewe watatu, na mali yenye wenyewe watatu ni rahisi kukosa mlinzi.

Miaka ilivyosonga, henzirani zikakatika, miguu ikalegea, na maafisa wakatamani viti vya kisasa vya chuma na plastiki vinavyozunguka. Vile vya zamani vikatolewa nje. Vilirundikwa juu ya mapaa, katika nyua za ofisi na chini ya ngazi, vikinyeshewa na kuchomwa na jua. Kila baada ya muda, kwa mujibu wa kanuni za serikali, vilifutwa katika daftari la mali na kupigwa mnada kama takataka. Walionunua ni wafanyabiashara wa vyuma chakavu na mbao kuukuu. Baadhi ya viti viliishia kuwa kuni.

Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1990 walipoanza kuonekana Wafaransa wachache waliojua walichokitafuta. Eric Touchaleaume alikuwa mmoja wao. Patrick Seguin, François Laffanour na Philippe Jousse, wote wenye maduka ya samani za thamani mjini Paris, pia walijiingiza katika biashara hiyo. Walihudhuria minada ya serikali kama mnunuzi mwingine yeyote, wakapandisha bei kidogo, wakalipa, wakapewa stakabadhi. Shehena zikapakiwa melini. Huko Ulaya mbao zikapigwa msasa, henzirani zikasukwa upya, na viti vikawekwa katika kumbi nyeupe chini ya taa kali.

Touchaleaume alikuwa ameifanya kazi ya namna hiyo barani Afrika pia. Ndiye aliyezing'oa nyumba tatu za alumini za Mfaransa Jean Prouvé, moja kutoka Niamey nchini Niger na mbili kutoka Brazzaville, ambazo zilijengwa kati ya 1949 na 1951 kama mfano wa makao ya kikoloni ya nchi za joto. Moja ya nyumba hizo za Brazzaville iliuzwa New York mwaka 2007 kwa takriban dola milioni 5.

Utetezi wa wanunuzi haujabadilika: bila wao, viti vya Chandigarh vingeteketea jikoni. Nao una ukweli ndani yake. Hakuna aliyewaibia Wahindi. Waliuziwa hadharani na wenye mali. Lakini ukweli huo haufuti mwingine, kwamba muuzaji hakujua anachouza na mnunuzi alijua, na tofauti kati ya bei ya Chandigarh na ile ya Paris ilikuwa ndiyo gharama ya kutojua.

Msanii wa Marekani Amie Siegel alilionyesha hilo katika filamu yake ya mwaka 2013 iitwayo Provenance. Filamu hiyo huanza mwisho: inaonyesha viti vikiwa katika nyumba za matajiri, kisha inarudi nyuma hadi mnadani, kwenye karakana za ukarabati, melini, na hatimaye katika ofisi za Chandigarh zenye mafaili yaliyojaa vumbi. Baada ya kuimaliza, Siegel aliipeleka filamu yenyewe ikapigwa mnada London, katika kampuni ya Christie's.

La kushangaza zaidi ni zile herufi za nyuma. Karani aliyezipaka alikusudia kuzuia wizi: kiti hiki ni cha Mahakama Kuu, hiki ni cha maktaba, kisichukuliwe. Leo herufi hizo hizo ndizo ushahidi kwamba kiti ni halisi. Mkarabati anayejua kazi yake huondoa kila mkwaruzo lakini haligusi andiko. Alama iliyowekwa ili kiti kisiondoke ndiyo inayokipandisha bei kikishaondoka.

Sheria na miaka 100

Kilio cha wakazi wa Chandigarh kilipozidi, Wizara ya Masuala ya Ndani ya India iliagiza mwaka 2011 kwamba samani hizo zisiuzwe tena. Hesabu ilifanywa, na vipande 12,793 vikaorodheshwa kuwa vya urithi. Agizo hilo liliziba mlango wa mbele. Halikuweza kurudisha vilivyokwisha kutoka.

Wakili wa mji huo, Ajay Jagga, ambaye amelivalia njuga suala hili kwa miaka mingi, ameandikia serikali ya nchi yake na balozi mbalimbali kila mnada unapotangazwa ng'ambo, akitaka mauzo yasimamishwe. Mara nyingi juhudi hizo hugonga mwamba, na mwamba wenyewe ni hesabu ya miaka. Sheria ya India ya vitu vya kale, iliyopitishwa mwaka 1972, huhesabu kitu kuwa cha kale kikitimiza miaka 100. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali ya utamaduni nao hutaja samani zenye umri wa zaidi ya miaka 100. Kiti kilichotengenezwa mwaka 1955 kitaingia katika ulinzi huo mwaka 2055.

Mnamo 2016, UNESCO iliyaweka majengo ya serikali ya Chandigarh katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na kazi nyingine za Le Corbusier, jumla ya maeneo 17 katika nchi 7. Lakini orodha hiyo hulinda kisichohamishika. Ukumbi wa mahakama umelindwa. Kiti kilichosanifiwa ili kikae ndani ya ukumbi huo hakimo.

Pengo hilo haliko India pekee. Nchini Kenya, Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 huhesabu kifaa kuwa cha kale kikiwa kilitengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 imetajwa kando ili ilindwe, jambo ambalo limeifaa Lamu. Meza na viti vya ofisi vya miaka ya uhuru viko nje ya mistari yote miwili, ila waziri akiamua kuvitaja.

Mafanikio ya minada yamezaa pia bidhaa bandia. Kwa kuwa viti halisi vilitofautiana tangu mwanzo, ni vigumu kumkamata mghushi kwa kipimo peke yake. Mbao kuukuu za msaji zinapatikana kila mahali India, na rangi ya kuandikia herufi ni rahisi zaidi kupatikana. Wataalamu huangalia viungo vya ndani, uchakavu wa nyayo za miguu na mahali mikono ya watu ilipolainisha mbao. Kuna pia wanaotengeneza upya kwa uwazi bila kudai kwamba bidhaa zao ni za kale. Miongoni mwao ni Phantom Hands ya Bangalore, inayotumia maseremala na wasusi wa henzirani, na Cassina ya Italia, iliyoanza kutoa viti vya mtindo huo mwaka 2019.

Nyumba nambari 57 ya Sekta ya 5, alimoishi Jeanneret, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2017. Humo mna samani alizobuni kwa matumizi yake mwenyewe. Lakini sehemu kubwa ya viti 12,793 na ndugu zake haimo katika makumbusho. Imo kazini. Katika mahakama na vyumba vya kusomea vya chuo kikuu bado watu hukalia msaji ule ule, baadhi yake ukiwa umepigiliwa vipande vya mbao nyepesi pale henzirani ilipokatika, au umefunikwa kwa mto aliouleta karani kutoka nyumbani kwake. Ukikipindua kiti, andiko la idara lingali pale.